Kutoa Wakati wa Ukata: Sanduku Linalopokea Lijue Pia Kutoa

(Mada iliyotolewa na Idara ya Miradi na Maendeleo kwenye semina ya uwakili kwa wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na watunza hazina wa sharika)



Tumeombwa tuzungumze juu ya imani na utoaji katika kipindi hiki ambacho kila nyumba inalalamika kuhusu ugumu wa maisha. Huenda wengi walitegemea tuje na mbinu za kuongeza makusanyo. Baadhi ya mbinu hizo tutazitaja mbele. Lakini kwanza tunaomba tujiulize pamoja swali moja: muumini ambaye mwaka huu hana kitu mfukoni, akiliangalia sanduku la sadaka la usharika wake, anaona nini? Anaona mahali pa kutolea tu, au anaona pia mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kusaidiwa?

Ukata si mgeni kwetu

Ndugu wapendwa, si mara ya kwanza kanisa letu kupita katika wakati mgumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kufikia mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini na utawala wa Waingereza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jambo kama hilo likatokea tena. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, na tunawashukuru, lakini mzigo wa kila Jumapili ulibebwa na walimu, wazee na akina mama wa hapa hapa, kwa ndizi, kwa mahindi na kwa nguvu za mikono. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, lilirithi desturi hiyo ya watu waliozoea kutoa walicho nacho.

Wengi wetu tunakumbuka pia anguko la kahawa. Hadi mwaka 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mkataba wa kimataifa wa mgawo, uliosaidia bei isianguke. Mwezi Julai mwaka huo mgawo ukavunjika. Nchi nyingine, hasa Vietnam, zikaongeza uzalishaji kwa kasi kubwa. Katika miaka ya 1980 bei ya dunia kwa kawaida ilizidi senti 100 za Kimarekani kwa ratili. Mwaka 2001 wastani wake ulikuwa takriban senti 46. Mkulima aliyekuwa akisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa kahawa akaanza kung'oa mikahawa na kupanda mahindi, nyanya na maharage. Usharika uliozoea kupanga bajeti yake kwa kutazama msimu wa kahawa nao ukayumba.

Tangu hapo yamekuja mengine. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi ya ndugu zetu wafugaji wa kaskazini. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, na watalii walipoacha kuja, vijana wetu wengi wapagazi, waongozaji na wahudumu wa hoteli walirudi nyumbani bila kazi. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000 kabla serikali haijaweka ruzuku. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikatisha sehemu kubwa ya misaada yake, na miradi mingi ya afya nchini ikaguswa. Na makanisa rafiki ya Ulaya, yaliyotusaidia kwa miaka mingi, nayo yanapungukiwa waumini mwaka hadi mwaka.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Katika vipindi vyote hivyo utoaji haukufa, bali ulibadilika sura. Fedha ilipopungua, watu walileta mazao. Mazao yalipokosekana, walisomba mchanga na mawe, wakaitana kwenye msaragambo, wakajenga. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba waumini wa siku hizi hawataki kutoa. Tutazame kwanza kama milango tuliyowafungulia inawatosha.

Maandiko yanatuonyesha njia

Biblia haikufichi ukata. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11 tunasoma juu ya njaa iliyotokea wakati wa Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia hawakupangiwa kiwango. Waliamua kwamba kila mmoja apeleke msaada kwa ndugu wa Uyahudi kadiri alivyoweza. Miaka kadhaa baadaye Paulo alikusanya tena sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, anatoa mfano wa makanisa ya Makedonia. Makanisa hayo yalikuwa katika umaskini mkubwa, lakini ndiyo yaliyoomba yapewe nafasi ya kushiriki.

Mara nyingi tunaishia hapo, kisha tunawaambia maskini wetu wawe kama Wamakedonia. Tukiendelea kusoma, tunakuta Paulo anaweka mambo matatu yanayotuhusu sana sisi viongozi.

Kwanza, sadaka inapimwa kwa kile mtu alicho nacho, wala hapimwi kwa asichokuwa nacho. Pili, Paulo hakutaka wengine walemewe ili wengine wapumzike. Alitaka uwiano, aliyezidiwa na baraka leo amsaidie aliyepungukiwa, na kesho iwe kinyume chake. Tatu, fedha zile hazikubebwa na mtu mmoja. Makanisa yalichagua watu wa kuzisindikiza ili asiwepo wa kulaumu. Uwezo wa mtoaji, uwiano kati ya waumini, na uwazi wa hesabu: mtume aliyaweka mahali pamoja, nasi tusiyatenganishe.

Hata sheria ya Musa ilimtazama maskini. Mambo ya Walawi sura ya 12 inamtaka mwanamke aliyejifungua alete mwanakondoo, na kama hana uwezo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anatueleza kwamba Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka ya ndege. Ndugu zetu, Mwokozi wetu aliletwa mbele za Mungu kwa sadaka ya maskini, na hakuna kuhani aliyeirudisha.

Tena, Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iwekwe akiba malangoni mwa mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Zaka hiyo ilikuwa na njia ya kurudi kwa watu. Mtumishi wa madhabahu alikula, na mjane alikula, kutoka ghala moja.

Aibu inayowafungia watu nje

Sasa tuzungumze jambo ambalo ni zito kidogo. Katika kutembelea miradi tunaingia katika nyumba nyingi, na tunasikia yasiyosemwa kwenye vikao. Mama mmoja mjane alitueleza kwamba alikuwa na miezi mingi hajakanyaga usharikani kwake. Tulidhani amehamia dhehebu jingine. Kumbe kila Jumapili alikuwa akitembea mwendo mrefu kwenda kusali mtaa wa mbali. Tukamuuliza kwa nini. Akasema, "Kule hawaijui namba ya bahasha yangu."

Alikuwa ameahidi kiasi fulani wakati mumewe yuko hai. Mume alipofariki, ahadi ikabaki palepale, na orodha ya wasiomaliza ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Ila kila alipopita mlangoni aliiona namba yake.

Tumesikia pia, kutoka sehemu mbalimbali, juu ya familia zilizofiwa ambazo kabla ya kupangiwa ibada ya mazishi ziliulizwa kwanza habari ya michango ya marehemu. Tunafahamu sababu zinazotolewa. Wazee wa kanisa wanasema bila kubana watu, wenye uwezo nao watajificha nyuma ya maskini. Mtunza hazina anasema bajeti imepitishwa na lazima itekelezwe. Mwinjilisti naye ana watoto wanaohitaji sare na madaftari, na posho yake ikichelewa miezi minne, nyumba yake inakuwa miongoni mwa nyumba zenye njaa. Hoja hizi ni za kweli na hatuzipuuzi.

Lakini tupime hasara upande wa pili. Mtu anayefungiwa mlango na aibu haongezi hata senti moja katika bajeti. Tunampoteza yeye, tunawapoteza watoto wake, na tunapoteza siku ambayo hali yake ingekuwa nzuri akarudi na shukrani. Zaidi ya yote, kwa Walutheri, jeneza likisubiri stakabadhi, watu wanafundishwa kwamba neema ina bei. Kanisa letu lilizaliwa katika kulikataa jambo hilo hilo.

Wapo pia wanaowaambia watu wetu kwamba wakipanda mbegu ya fedha, hata kama ni ada ya mtoto, Mungu atawarudishia mara mia. Ukata unapozidi, mahubiri ya namna hiyo yanavuta wengi, kwa sababu mwenye shida hutafuta tumaini popote. Tukumbuke kwamba mwaka 1517, katika hoja zake 95, Martin Luther aliandika katika hoja ya 46 kwamba Wakristo wafundishwe kuweka kwanza yale yanayohitajika nyumbani mwao kama hawana ziada, wala wasiyapoteze kwa kununua vyeti vya msamaha. Mtu anayelisha watoto wake hamwibii Mungu. Tunatoa kwa sababu tumekwisha kupewa, na mtoaji wa namna hiyo hutoa kwa furaha, kikiwa kikubwa au kidogo.

Sanduku la kufuli nne

Katika historia yetu ya Kilutheri kuna mfano unaotufaa. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia nchini Ujerumani, ulipanga utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther mwenyewe akauandikia dibaji na kuuchapisha. Sanduku hilo lilikuwa na kufuli nne, na kila ufunguo ulishikwa na kundi lake: waungwana, baraza la mji, wananchi wa mjini, na wakulima wa vijijini. Waangalizi walikuwa kumi, na wakulima walikuwa na viti vitatu, sawa na wananchi wa mjini, kuliko waungwana waliokuwa na viwili. Lisingeweza kufunguliwa bila mkulima kuwepo.

Na fedha zilikuwa za nini? Zilikuwa za kumtunza mchungaji, kuendesha shule, kutengeneza majengo, kuwasaidia wazee wasiojiweza na yatima, kuwakopesha watu waliokwama katika kazi zao, na kununua nafaka ya akiba kwa ajili ya miaka ya njaa. Mchungaji na mjane walitunzwa kutoka sanduku moja, kama ilivyokuwa katika Torati.

Utekelezaji wake haukuwa mwepesi. Baraza la mji lilisita kukabidhi mali zilizotakiwa kuingia katika sanduku, na Luther alisikitika sana. Kwa hiyo tukiona kamati zetu zinavutana juu ya fedha, tusikate tamaa, ni ugonjwa wa zamani. Lakini wazo lenyewe limebaki: sanduku linaloaminika ni lile ambalo hata mnyonge anashika ufunguo wake, na ambalo siku ya shida linafunguka kwa ajili yake.

Mapendekezo kwa sharika zetu

Baada ya kusema hayo, tunaomba sharika zizingatie mambo yafuatayo katika kupanga bajeti ya mwaka ujao.

1. Kalenda ya kutoa ifuate kalenda ya shamba. Ahadi ya shilingi 60,000 kwa mwaka tumezoea kuigawa shilingi 5,000 kila mwezi. Mgawo huo unamfaa mwenye mshahara. Kwa mkulima, Januari ni mwezi wa sare na madaftari, Machi na Aprili ni mbegu na mbolea, na Mei ghala liko tupu. Mkulima huyo huyo aruhusiwe kutimiza ahadi yake kati ya Agosti na Desemba, wakati wa mahindi na kahawa, bila kuhesabiwa kuwa mdaiwa katikati ya mwaka. Kazi ya mtunza hazina ni kuweka akiba wakati wa mavuno ili posho za watumishi zisikatike wakati wa kiangazi.

2. Ahadi iweze kupitiwa upya. Mtu aliyefiwa, aliyeugua au aliyepoteza kazi apewe nafasi ya kuzungumza na mzee wa kanisa wa mtaa wake na kubadilisha ahadi, kwa siri na bila kuulizwa maswali mengi. Orodha za majina au namba zisibandikwe hadharani. Taarifa ya makusanyo isomwe kwa jumla ya mtaa.

3. Huduma ya neno, ubatizo, ushirika mtakatifu na mazishi isifungwe na deni. Hili tunaliomba kwa msisitizo. Mzee wa kanisa anaweza kumfuatilia mwenye uwezo asiyetoa, tena amfuatilie kwa upole nyumbani kwake, ila si mbele ya jeneza.

4. Mnada wa mazao uheshimiwe na uboreshwe. Wote tunaujua uzuri wake: mkungu wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa mezani, unanadiwa tena, na watu wanacheka na kufurahi. Bibi aliyeleta mayai manne ametoa sawa na mwenye noti. Tunapendekeza sehemu ya mazao hayo isinadiwe, bali wazee wa mtaa waipeleke siku hiyo hiyo kwa wagonjwa na wazee wasio na mtu. Aidha, siku za kazi kwenye jengo au shamba la usharika ziandikwe katika daftari la utoaji kama sadaka kamili.

5. Fungu la diakonia litengwe kwanza. Katika bajeti nyingi fungu hili huwekwa mwisho, na makusanyo yakipungua ndilo la kwanza kukatwa. Tunaomba liwe dogo kama uwezo ulivyo, lakini litolewe kabla ya rangi ya ukuta na vipaza sauti. Waumini wakiona gunia la mahindi linatoka kanisani kwenda kwa jirani yao, hawatahitaji mahubiri marefu juu ya kutoa.

6. Wenye uwezo wabebe zaidi. Uwiano alioutaka Paulo una upande huu pia. Wapo waajiriwa, wafanyabiashara, na watoto wetu walioko Dar es Salaam na kwingineko wanaokuja nyumbani kila Krismasi. Waelezwe mahitaji kwa takwimu, waonyeshwe kilichofanyika mwaka uliopita, na waombwe kubeba fungu mahususi, kwa mfano posho za wainjilisti kwa robo mwaka. Mtu mwenye nafasi anapenda kujua fedha yake imefanya nini.

7. Hesabu zisomwe kila baada ya miezi mitatu kwa lugha ya kawaida. Kiasi kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki, na wanaoshika funguo. Wanaotoa kwa simu wapewe stakabadhi sawa na wa bahasha. Katika kamati ya fedha awepo angalau mjane mmoja na kijana mmoja asiye na ajira, na sauti zao zisikilizwe.

8. Vikundi vya kuweka na kukopa viendelezwe katika kila mtaa. Katika vikundi vya VICOBA akina mama wanaweka hisa kidogo kidogo kila wiki, wanakopeshana kwa ajili ya mbegu, ada au matibabu, na wana mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Muumini anayejua pa kukopa bila kuuza shamba atakuwa na amani, na mwenye amani hutoa. Idara yetu iko tayari kutuma wawezeshaji kwa mitaa itakayoomba.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, tunajua baadhi ya mapendekezo haya yataleta mjadala mrefu katika mabaraza ya wazee. Wengine watauliza: tukiwalegezea watu, si makusanyo yatashuka? Yanaweza kushuka kwa robo mwaka au hata mwaka. Hatuwezi kuwaahidi vinginevyo. Ndiyo maana tunaomba hatua hizi ziende pamoja: asiachiwe maskini kabla mwenye nacho hajaombwa, na asiombwe mwenye nacho kabla hesabu hazijasomwa.

Mjane wa Sarepta, tunayesoma habari zake katika Wafalme wa Kwanza sura ya 17, alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akamkatia nabii mkate kwanza. Tunapenda kumhubiri kwa ajili ya mkate ule wa kwanza. Tusisahau kwamba baada ya hapo unga haukupungua, na walikula yeye, nyumba yake na Eliya, siku nyingi, mpaka mvua iliponyesha. Nabii alikula katika nyumba ya mjane, na mjane naye akala. Usharika unaotaka kupokea kwa wajane wake mwaka wa njaa uhakikishe nao wanakula.

Tunawaomba mrudi nyumbani na swali lile la mwanzo, mlipeleke kwenye vikao vyenu, na kabla ya bajeti kupitishwa mtuletee majibu kupitia ofisi za majimbo. Tutayapokea na kuyafanyia kazi pamoja nanyi.

Mungu awabariki, awabarikie mashamba yenu na kazi za mikono yenu.